Maikrowevu ya Wodi ya Wanaume

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mimi, Mama Gaudensia, ndiye niliyeitengeneza ile maikrowevu ya wodi ya wanaume ilipoharibika. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Nilitaka kusimama nibishe palepale, lakini mdomo ulikuwa umejaa keki, na mikononi walikuwa wamenibebesha khanga mpya na jogoo aliyefungwa miguu. Sasa keki nimemeza. Maikrowevu ile haikuharibika hata siku moja, na mimi sikuitengeneza. Nawaandikia ninyi vijana mliobaki karakana ya vifaa vya hospitali mlijue hilo sawasawa, kwa sababu neno "imeharibika" lilitaka kumkosanisha binti wa watu na baba yake, na baba mwenyewe alikuwa njiani kufa kwa njaa.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Vyeo nilivipata, vingine vilinipita vikaenda kwa wanaume niliowafundisha kushika mita, na yote hayo yameisha. Nitaandika kazi.

Nilifika pale nikiwa msichana mwembamba kutoka Mwimbi, na cheti cha ufundi umeme kwenye mfuko wa nailoni. Ndani ya karakana nikamkuta Mzee Sabas, fundi mkuu, ameinamia jokofu la chanjo mpaka ameingia nusu, inaonekana miguu tu. Nikasema shikamoo. Jokofu likaitikia marahaba. Msaidizi wake, jamaa mmoja wa kitambi, akaniambia, "Dada, majani ya chai yako kwenye kopo lile, vikombe viko chini ya meza." Nikamwambia chai sipiki, nimekuja kufungua mashine. Akacheka mpaka akashika ubavu. Mzee Sabas akatoa kichwa, akanitazama juu mpaka chini, akanipa bisibisi yake mwenyewe. "Basi fungua," akasema. Yule wa kitambi alijipikia chai mpaka alipohamishwa.

Mzee Sabas alikuwa mtu mgumu na nilimpenda. Ukimpelekea kifaa ukamwambia ni kibovu, alikuwa hakigusi. Atakuuliza, "Kinafanya nini?" Ukisema hakifanyi kazi, atauliza tena vilevile, mpaka ukasirike au uende ukaangalie. Mara moja tuliitwa chumba cha upasuaji, mtambo wa kuchemshia vyombo eti umekufa, vifurushi vya katikati vinatoka bila mvuke kuvifikia. Mimi nilishabeba spana za kila saizi. Mzee akafungua mlango wa mtambo, akaona wameushindilia vifurushi kama gunia la mahindi, akatoa nusu, akafunga. Vyombo vikaiva vyote. Nikamuuliza tutaandika tumetengeneza nini. Akasema, "Hatujatengeneza kitu. Twende zetu."

Alistaafu, akafa, tukamzika kwao. Maikrowevu hakuiona. Ililetwa na wageni wahisani waliotembelea wodi wakaona wagonjwa wanakula baridi. Na kweli walikuwa wanakula baridi. Mnaijua Sumbawanga ya mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unaingia mpaka kwenye mifupa. Ndugu anapika nyumbani, mtaa wa Chanji au Izia, anafunga chakula kwenye hotipoti, anapanda bodaboda, anasubiri getini mpaka muda wa kuona wagonjwa ufike. Hotipoti zenyewe hizi za siku hizi, mfuniko haushiki. Basi maikrowevu ikawekwa kwenye meza ya korido, na kila ndugu akawa anapasha mwenyewe.

Siku za mwanzo zilikuwa vurugu. Kuna baba mmoja mfugaji, wa hawa ndugu zetu waliohamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, aliingiza maharage yakiwa kwenye bakuli la bati. Cheche zikaanza kuruka mle ndani, taa ta ta! Akarudi nyuma mpaka akagonga toroli la dawa. "Nilijua tu!" akapiga kelele. "Nilishaambiwa nyumbani, Sumbawanga radi mnazifuga ndani!" Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, maana sifa hiyo ya uchawi tumebebeshwa hadi tumechoka. Nikamwambia, "Baba, radi imo kwenye bakuli lako. Litoe."

Cheche zilikuwa rahisi, unakataza bati na imekwisha. Kilichonipa kazi ni malalamiko ya kwamba haipashi. Mmoja anasema uji umemuunguza ulimi, mwenzake anasema wali una barafu, na wote wametumia mashine ileile. Nikafanya jaribio, nanyi mlifanye msije mkabishana na mtu hewani. Toa ile sahani ya kioo inayozunguka. Weka kipande cha boksi kilichopakwa majarini sawasawa, kitulie. Washa kidogo tu, kisha toa uangalie. Utaona majarini imeyeyuka madoa madoa. Hapa pameyeyuka kabisa, na upana wa vidole vichache pembeni yake majarini imesimama ngumu kama ilivyotoka kwenye kopo.

Sababu nawaeleza mara moja, msinirudishe. Mawimbi yanayotoka kwenye mashine yanagonga kuta za chuma, yanarudi, yanakutana na yanayokuja. Mmeona watoto wawili wakishika kamba huku na huku wakiitikisa kwa kasi? Kuna sehemu za kamba zinapanda na kushuka sana, na kuna sehemu zimetulia kama hazihusiki. Ndivyo ilivyo mle ndani. Penye kutikisika chakula kinachemka, penye kutulia kinabaki baridi. Sahani inazungushwa ili kila kipande kipite penye moto. Lakini hata ikizunguka, kitu cha katikati kinazungukia palepale, hakiendi popote. Tena mawimbi hayazami sana kwenye chakula kinene. Yanaingia kama pingili moja ya kidole, basi, yameishiwa nguvu. Ndani zaidi ya hapo inabidi joto litembee lenyewe kutoka nje, polepole. Mchuzi unaukoroga, matatizo yameisha. Sasa niambieni, ugali wa ulezi ulioshikana, mzito, utaukoroga na nini?

Hapo ndipo alipotokea Mzee Apolinari.

Alikuwa mkulima wa kijiji cha Kate, mrefu, mkavu, ana kidonda cha mguu kilichokuwa kinakwenda kubaya. Daktari alisema lazima apasuliwe, ila kwanza ale apate nguvu, maana hivyo alivyo hatakubali kumlaza mezani. Uji wa hospitali hakuutaka. Wali aliuita chakula cha sikukuu. Alikuwa anakula ugali wa ulezi, na aliyekuwa anampikia ni binti yake, Leonsia. Mzee alikuwa na watoto wa kiume pia, kila mmoja na udhuru wake. Leonsia ndiye aliyeacha shamba na watoto kwa jirani akaja kukaa kwa shangazi yake Izia, asubuhi anasonga, mchana yuko getini na hotipoti.

Siku hiyo alipasha ugali, akapasha na dagaa wa Kipili, akampelekea baba yake. Dagaa walikuwa wanatoa moshi, kwa sababu alikuwa amewakoroga. Ugali nao ulikuwa unatoa moshi juu. Mzee akanawa, akamega pembeni, akala. Akamega tena, akafika katikati. Mkono ukasimama. Katikati ugali ulikuwa baridi kabisa.

"Kiporo," akasema. Kisha akasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Umeniletea kiporo! Umepika jana, ukala na shangazi yako, mimi ukanipashia ganda la nje! Mimi baba yako!"

Leonsia akaapa. Mzee akasukuma sahani, akageukia ukutani. Siku hiyo hakula. Kesho yake binti akaleta mwingine, akaupasha muda mrefu zaidi, kando zikakauka kuwa kama gome la mti na katikati bado baridi. Mzee akagusa kwa kidole, akaurudisha. Kesho kutwa hakutaka hata hotipoti ifunguliwe. Daktari akapita, akamwangalia, akaondoka akitikisa kichwa.

Nikaitwa. Sista Febronia, muuguzi kiongozi wa wodi, mwanamke mwenye haki lakini asiyependa mzaha, aliniambia, "Mama Gaudensia, hii kitu imeharibika, iondoe." Nikaweka kikombe cha maji, nikawasha, maji yakachemka mbele yake. Nikamwambia nzima. Akashusha pumzi. "Basi binti anamdanganya baba yake," akasema. "Masikini, labda amechoka kusonga kila siku. Nitaongea naye taratibu."

Nilikasirika. Ndivyo watu wanavyofanya, na ndiyo maana naandika haya. Wakiambiwa mashine ni nzima, basi muongo ni mtu. Nikamwambia, "Sista, mashine haijaharibika na mtoto wa watu hadanganyi. Usiongee naye chochote."

Leonsia nilimkuta nje, amekaa kwenye benchi la jua, hotipoti mapajani. Alinisalimia shikamoo mama bila kuinua uso. Nikamwambia ninajua ugali wake ulikuwa wa asubuhi. Akaanza kulia kwa nguvu, kamasi na machozi, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa. Alipotulia nikamweleza habari ya moto usiofika katikati, nikamwambia dawa yake ni ndogo: aumege ugali vipande huku korido, autandaze, ndipo apashe.

Akanikazia macho. "Mama, wewe si Mfipa?"

"Mfipa wa Mwimbi."

"Sasa unaniambiaje nimmegee baba ugali? Kwetu anayemegewa ni mtoto mchanga, na mtu anayekata roho. Nikimpelekea vipande, atajua daktari ameniambia anakufa. Heri aniite mwizi."

Nilikuwa nimesema upuuzi. Hata nyumbani kwetu, bonge la ugali lilikuwa linafika mbele ya baba likiwa zima, laini, limepakwa maji juu, na mkono wa kwanza ni wake. Mama yangu alimmegea baba siku moja tu, na jioni yake tulikuwa na msiba. Fundi gani mimi, nilijua mawimbi yanavyokwenda nikasahau ugali unavyokwenda.

Tukakaa pale benchi. Leonsia akasema, kwa kulalamika tu, "Angeona mwenyewe, mama. Angeona kwa macho yake nauweka ukiwa mpya na unatoka hivyo." Nikasimama. Nikamwambia kesho asipashe chochote mpaka anione.

Kesho yake mchana nikaikalisha maikrowevu kwenye toroli la karakana, nikachukua waya wa kuunganishia, nikaingia wodini. Sista Febronia akasimama katikati ya njia. "Hapana. Hapana kabisa. Waya chini, watu wanapita, wagonjwa wana drip. Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Basi rudisha."

"Sirudishi. Waya nitaupitisha ukutani na nitausimamia mwenyewe. Yule mzee hali siku ya ngapi hii? Ukitaka kunishtaki nishtaki, ofisi unaijua, ila nishtaki akishakula."

Kisha akasogea pembeni, si kwa kukubali, alisogea kwa sababu toroli lilikuwa linakwenda. Nasema ukweli, kushtakiwa nilikuogopa. Lakini kurudi nyuma, thubutu!

Mzee Apolinari alikuwa bado amegeukia ukuta. Nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Fundi. Nimekuja kukuonyesha uongo, kama upo."

Neno hilo lilimgeuza. Akaiona mashine kando ya kitanda chake, akaona nusu ya wodi imejikongoja kusogea karibu, na bintiye amesimama miguuni pa kitanda na hotipoti. "Mmekuja kunicheka?" akauliza.

"Tumekuja ushike mwenyewe. Leonsia, fungua."

Akafungua. Bonge zima, limepoa kwa safari, lakini ugali mpya unajulikana, una harufu yake na ulaini wake. Nikamwambia mzee aguse, anuse, aseme kama ni kiporo. Akabonyeza kwa kidole gumba. "Huu si kiporo," akasema, "huu ni wa leo. Ule mwingine ndio ulikuwa kiporo." Leonsia akafungua mdomo, nikamkata jicho, akaufunga.

Tukauweka bonge zima kwenye sahani ya udongo, nikafunga mlango, nikawasha. Mzee alijiinua kwa kiwiko akawa anautazama ukizunguka nyuma ya kioo, hapepesi macho. Ilipolia nikautoa, moshi unapanda. Nikamwekea mbele yake. Leonsia akamnawisha.

"Mega," nikasema. "Mpaka katikati."

Akamega kando, akavuta mkono kwa moto. Akamega tena, akaingiza vidole vyote ndani ya bonge. Akaviacha humo. Hata wale wa kukohoa walijizuia. Ugali ulikuwa baridi katikati, kama juzi, na hakuna mtu aliyeugusa tangu alipousifia kuwa ni wa leo isipokuwa mashine mbele ya macho yake.

"Moto wake haufiki ndani," nikamwambia. "Hakuna aliyekuibia kitu. Sasa ameshamega mwenye ugali wake. Endelea kuumega wote, baba, uzungushie pembeni ya sahani, katikati pabaki wazi."

Akamega wote, polepole, kwa mkono wake mwenyewe, akavipanga vile vipande kuzunguka ukingo. Nikanyunyiza maji kidogo, nikafunika kwa sahani nyingine, nikawasha tena. Ilipolia alinyoosha mkono, nikamzuia: joto liachwe kwanza litembee. Akanuna kama mtoto. Hili nalo mlishike vijana, mlio wa kengele si ruhusa ya kula. Kisha nikafunua. Akachukua kipande, akakifinya, akakipasua katikati kwa vidole. Kilikuwa moto mpaka ndani. Akachovya kwenye dagaa, akala. Akachukua cha pili na cha tatu. Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku zote hizo, ndivyo ilivyokuwa, na mimi machozi yalinilenga nikajifanya ninaangalia plagi.

Katikati ya kula akasogeza sahani upande wa bintiye. "Njoo ule."

Leonsia hakusogea. "Sili."

"Kwa nini huli?"

"Sili mpaka useme."

"Niseme nini tena? Si ninakula?"

"Useme sikukuletea kiporo."

Mzee akatafuna. Alitafuna tonge lile kwa muda mrefu, akatazama dagaa, akatazama mguu wake, akanitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Sikumsaidia. Mwisho akasema kwa chini, "Haukuwa kiporo."

"Baba, juzi ulisema wodi nzima ikasikia," Leonsia akasema. Sauti hakuishusha. "Wauguzi wananiangalia. Shangazi ameambiwa. Sema nao wasikie."

Nilidhani ameharibu. Mzee wa Kate, mbele ya watu, aamriwe na binti? Nilimwona Sista Febronia mlangoni, mikono kifuani, saa ya kuona wagonjwa imekwisha na yeye hafukuzi mtu.

Mzee Apolinari akaweka tonge chini. Akajisukuma kwa mikono miwili mpaka akakaa wima, uso ukamkunjamana kwa maumivu ya mguu. Akainua kichwa.

"Jamani!" akaita. "Nyie wa huko mwisho, mnanisikia? Haukuwa kiporo. Huyu mtoto alinipikia kila siku. Nilimsingizia."

Kisha akaegemea mto, akihema, akamsogezea bintiye bakuli la maji ya kunawa. Leonsia akanawa, akaketi kitandani kando yake, na baba yake akasubiri mpaka alipomega ndipo na yeye akaendelea.